Kibuyu Kilichonuka Sabuni

Je, shangazi Damari alijua? Nimejiuliza swali hili kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza nikiwa kijana asiye na kazi, kisha nikiwa mume na baba wa watoto ambao hawajawahi kunywa maziwa yaliyolala kwenye kibuyu, na sasa ninapokaribia miaka hamsini bado sina jibu. Aliyeweza kunijibu tumemzika kijijini kwake Ulemo, nyuma ya nyumba yake, upande ule ambao asubuhi kuku wake walipenda kuotea jua. Kama alijua, basi alimwacha rafiki yake abebe jina baya ili mimi nisiaibike, na deni la namna hiyo sijui hulipwa vipi. Kama hakujua, basi ameondoka duniani akimdhania vibaya mtu aliyempenda kuliko ndugu zake wengi, na aliyemwacha adhanie hivyo ni mimi. Nimeyapima yote mawili mara nyingi. Hakuna linalonipa usingizi mzuri kuliko lingine.

Mwaka ninaousimulia ni ule niliomaliza chuo kikuu. Nilikwenda kwa shangazi wakati wa kiangazi, mashamba yakiwa meupe na vumbi likiwa limetulia juu ya kila kitu, nikiwa na begi moja, vitabu vinne na wazo kwamba ningekaa wiki mbili nikisubiri barua ya ajira. Barua ilichukua mwaka mzima. Nililala katika chumba kilichokuwa pia ghala: upande mmoja kitanda cha kamba, upande wa pili magunia ya alizeti na vitunguu vilivyotandazwa juu ya kichanja, hivi kwamba hata leo nikipita sokoni mahali panapouzwa vitunguu vingi huwa nasikia usingizi. Katika kona ulikaa mtungi wa maji, nusu yake ikiwa imefukiwa katika mchanga uliomwagiwa maji kila asubuhi, na juu yake kata ya kibuyu yenye mpini mrefu. Nilikuwa nimeishi miaka mitatu katika bweni lenye friji mwisho wa korido. Sikumbuki hata siku moja kuyafurahia maji ya friji ile kama nilivyoyafurahia yale ya mtungi saa nane mchana, yakiwa na harufu hafifu ya udongo, yakinywewa taratibu kwa sababu kata haimruhusu mtu kunywa kwa pupa.

Lazima nikiri kwamba nilifika pale nikiviona vitu vya shangazi kama orodha ya mambo aliyoyakosa. Ilinichukua miezi kadhaa kutambua kwamba ilikuwa ni orodha ya mambo aliyoyapenda. Alikuwa na kigoda cha miguu mitatu ambacho mguu mmoja ulikuwa mfupi, na hakutaka urekebishwe, kwa sababu kigoda kile kilimwinamisha kidogo kuelekea motoni, na mgongo wake ulikuwa umezoea hivyo. Alikuwa na ungo ambao ukingo wake ulishonwa kwa ukanda wa ngozi, na alipopepeta uwele ulitoa mlio wa mvua inayokuja kutoka mbali. Alikuwa na mwiko uliolika upande mmoja, na ugali wa uwele ulipikwa kwa mwiko ule tu, hata kama mwingine mpya ulikuwepo. Alikuwa na redio ndogo ya rangi ya kijivu. Na juu ya vyote alikuwa na kibuyu cha maziwa, cheusi kwa ndani na chenye rangi ya asali kwa nje, kilichoning'inia kwenye ndoano ya jikoni kama mgeni wa heshima. Mbegu yake aliiotesha mwenyewe, akakikausha mwenyewe, akakilea kwa moshi kwa miaka mingi: kila kilipokwisha maziwa alikisuuza kwa maji matupu, kisha akachoma kijiti cha mti mmoja aliokuwa akiujua kwa jina la Kinyiramba tu, akasugua nacho, kikiwa bado chekundu, ndani ya kibuyu, akakifunika. Maziwa yaliyoganda humo yalikuwa na ladha ambayo sijaikuta tena popote. Tuliyala kwa ugali siku ambazo hakukuwa na mlenda, na siku ambazo mlenda ulikuwepo tuliyala baadaye, kama watu wanaojizawadia.

Vitu hivyo havikukaa nyumbani. Ng'ambo ya uzio wa minyaa aliishi Mama Rajabu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, na kati ya nyumba zile mbili palikuwa na kijia kilichong'aa kwa kukanyagwa. Shangazi alikuwa mwanakwaya kanisani, Mama Rajabu hakukosa kufunga mwezi wa Ramadhani, na kila mmoja alijua sikukuu za mwenzake kuliko alivyozijua karani wa kijiji. Kinu kilikuwa cha Mama Rajabu, ungo ulikuwa wa shangazi. Redio ilikuwa ya shangazi, lakini betri zilikuwa za Mama Rajabu, ambaye mwanawe mkubwa alikuwa na duka Kiomboi. Zilipoishiwa nguvu tulizianika juani juu ya banda la kuku, zikapata uhai wa taarifa ya habari moja na nyimbo mbili. Chombo hakikurudi kwao kitupu. Ungo ulirudi na karanga, sufuria ilirudi na viazi vilivyokaushwa, na hata panga niliwahi kuliona likirudi na kitunguu kimoja kimefungwa kwenye mpini. Jioni wanawake wale wawili waliketi nje wakichambua karanga, nami chumbani, kitabu kikiwa wazi mapajani, nikiwasikiliza kupitia dirisha dogo lisilo na kioo.

"Damari, huyu Msomi wako amekula?"

"Amekula. Anakula kama mtu anayesafiri kesho."

"Mwache ale. Kusoma kunakausha."

"Kunakausha nini?"

"Kichwa. Hujaona anavyowatazama kuku? Kama anawasahihisha."

Walicheka mpaka karanga zikamwagika. Nami nilicheka, kimya, nikiwa nimeufunika mdomo kwa kitabu.

Mvua zilipokolea na maziwa yakawa mengi, Mama Rajabu alipata ugeni wa wakwe. Aliazima kibuyu. Baada ya siku tatu alikirudisha jioni, kimesuuzwa na kufukizwa, pamoja na sahani ya karanga iliyofunikwa kwa kitambaa. Kesho yake shangazi alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya, nikabaki peke yangu nikitafuta namna ya kumshukuru kwa miezi yote aliyonilisha bila kuniuliza barua imefikia wapi. Nilikishusha kibuyu. Nilikinusa, nikasikia moshi na uchachu, na mtu aliyekuwa amefaulu mitihani yote ya chuo kikuu akaamua kwamba ule ulikuwa uchafu wa miaka mingi. Nilichemsha maji. Nilichukua sabuni ya unga niliyokuja nayo kutoka Dar es Salaam, nikatia kokoto ndogo ndani, nikakitikisa mpaka mikono ikauma. Maji yalitoka meusi, nami nilijisikia fahari. Nilirudia mara tatu, mpaka yakatoka meupe. Kisha nikakiweka kwenye jua kali, na kabla shangazi hajarudi nikakitundika kwenye ndoano yake, nikipanga kumwambia siku atakapokisifia kwa usafi.

Siku iliyofuata alitia maziwa ya asubuhi. Mchana nilimkuta ameketi kwenye kigoda, kibuyu kikiwa mapajani na sketi yake ikiwa imelowa. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeshuka kutoka shingoni mpaka tumboni, na maziwa yaliyobaki yalikuwa na povu. Hakulia. Alikinusa, akakinusa tena, akasimama, akaenda uzioni.

"Mama Rajabu! Kibuyu changu ulikiosha kwa nini?"

"Kwa maji, Damari. Na kijiti. Kama siku zote."

"Kinanuka sabuni."

"Sabuni? Kibuyu? Kwani mimi nimezaliwa Ulaya?"

"Sijui ulikozaliwa. Mimi nanusa tu."

"Basi pua yako inaumwa!"

"Pua yangu haijapasuka. Kilichopasuka ni kibuyu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, kikombe mkononi. Ni vigumu kumweleza msomaji wa mjini kwa nini hakuna hata mmoja wao aliyegeuka kunitazama. Haikuwa mwiko kwa mwanamume kuosha kibuyu. Ni kwamba jambo hilo halikuwemo katika mambo yanayowezekana. Mwanamume angeweza kukivunja kwa kukiangusha, angeweza kukipiga teke akiwa amelewa, lakini kukishusha, kukiosha na kukirudisha mahali pake, hakuna aliyeweza kuwaza hilo. Kutokuwazika huko kulikuwa maficho yangu, nami niliingia humo nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nitasema jioni, watakapopoa. Jioni nilijiambia kesho. Hofu yangu, niiseme ilivyo, haikuwa ya kufukuzwa, maana shangazi asingenifukuza. Nilihofia kicheko. Nilikuwa mtu pekee pale kijijini mwenye shahada, na nilitaka kubaki Msomi, si yule kijana aliyesoma mpaka akaosha kibuyu kwa sabuni ya unga.

Neno lenyewe lilizaliwa kisimani. Shangazi, akiwa bado na uchungu, aliwaambia wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji, "Niulizeni kibuyu changu kiko wapi. Muulizeni huyo mama wa sabuni." Walicheka. Nina hakika alidhani amesema jambo la siku moja. Lakini kwa wanawake wa pale, kuambiwa kwamba hujui kuosha kibuyu ni kuambiwa kwamba hukulelewa, na jambo la namna hiyo likishapata neno jepesi la kulibeba, linatembea lenyewe. Kabla wiki haijaisha watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walikuwa wakimwita Mama Sabuni. Alimkimbiza mmoja kwa fimbo, jina likakolea zaidi.

Miezi miwili iliyofuata ndiyo iliyonifundisha vitu vile vilikuwa nini. Vilibaki mahali ambapo ugomvi ulivikuta. Ungo ulikuwa ng'ambo, hivyo shangazi alipepeta kwa sinia la bati ambalo halikutoa mlio wa mvua wala wa kitu chochote. Kinu kilikuwa ng'ambo, nasi tukala unga wa mashine ya mbali, mlaini mno, ambao shangazi aliusonga bila kusema neno. Redio ilikaa kabatini bila betri. Mwiko ulikuwepo, kigoda kilikuwepo, mtungi ulikuwepo na maji yake yalikuwa baridi vilevile, lakini niliyanywa kama dawa. Nyasi zilianza kuota katika kijia. Nilizitazama zikiota kila asubuhi nikipiga mswaki, na kila asubuhi nilikuwa na nafasi ya kwenda ng'ambo, hatua zisizofika hamsini, nami nilisuuza kinywa nikarudi ndani.

Sikuwapatanisha mimi. Wakati wa kuvuna alizeti Mama Rajabu aliugua homa, na shangazi alipoona vichwa vya alizeti yake vikiinama bila mtu wa kuvivuna, alichukua panga akaenda kuvikata, siku nzima, bila kuitwa. Jioni alinituma na maziwa ya mgando ndani ya dumu la plastiki. Mama Rajabu alikuwa amelala ukumbini. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia, "Marahaba, baba," akanywa, akafuta midomo, akasema, "Yananuka plastiki. Mwambie Damari nimesema yananuka plastiki." Nilipofikisha ujumbe, shangazi alicheka kwa mara ya kwanza tangu masika, akasema, "Amepona." Dumu lilirudi na karanga, ungo ukafuata, betri zikapanda tena juu ya banda la kuku. Nami nilijidanganya kwamba mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Shangazi alilea kibuyu kingine, lakini Mama Rajabu hakukiazima hata mara moja. Wakwe zake walipokuja aliwaandalia maziwa kwenye jagi la plastiki, mbele ya watu waliojua sababu. Na jina lilibaki, sasa likitamkwa kwa upendo, jambo ambalo nadhani ni gumu zaidi, kwa maana huwezi kumkimbiza kwa fimbo mtu anayekutania kwa upendo.

Barua yangu ilifika kiangazi kingine kilipoanza. Asubuhi ya kuondoka shangazi alinifungia kuku wa kukaanga kwenye gazeti, akanisindikiza hadi barabara kuu, na basi lilipoonekana akanishika mkono akasema, "Haya, baba. Huko uendako, vyombo vya watu usivioshe." Akacheka. Je, alikuwa akimtania kijana ambaye baada ya ugomvi ule alianza kumsaidia kuosha vyombo, jambo lililowashangaza wageni wake? Au alikuwa akiniambia kwamba anajua? Nimekirudia kicheko kile mara nyingi mno, mpaka sasa sina uhakika tena kilikuwaje. Nilimtembelea karibu kila mwaka baada ya hapo, na kila mara nilikuwa na swali, na kila mara niliamua kutomharibia siku.

Tulipokusanyika kuanua matanga, Mama Rajabu alikuwepo tangu alfajiri, mzee sana sasa, akichambua mchele pamoja na wanawake wa umri wa wajukuu zake. Mke mpya wa mmoja wa binamu zangu, ambaye hakuwa mtu wa huko, alimwuliza kwa adabu, "Bibi, mbona wanakuita Mama Sabuni? Ulikuwa unauza sabuni?"

Mama Rajabu hakuinua macho kutoka kwenye mchele. "Ndiyo, mwanangu. Niliuza sana."

Mchana Neema, binti mkubwa wa shangazi, alitandaza vitu vya mama yake juu ya mkeka ili vigawiwe. Havikuwa vingi, na kile kibuyu cha pili kilikuwemo. Kila mtu aliitwa akapewa chake, na ilipofika zamu ya Mama Rajabu, Neema, ambaye alimpenda kama mama mdogo na hakuwa na nia mbaya hata chembe, alisema kwa sauti ya utani, "Mama Sabuni, chagua unachotaka. Ila kibuyu, hapana! Kibuyu hatukupi!"

Watu walicheka, kicheko kile cha watu waliolia siku nyingi. Mama Rajabu naye alicheka. "Nani kakitaka?" alisema. "Nipeni ungo, niende zangu." Lakini mimi nilikuwa nimeketi upande wake, na kabla hajasema hivyo nilikuwa nimeuona mkono wake ukianza kunyooka kuelekea kibuyu, kisha ukageuzwa njia, kama mkono wa mtu aliyekumbuka kwamba chakula ni cha moto. Neema alikinyanyua kibuyu akanipa mimi. "Msomi ndiye aliyependa maziwa ya mama," alisema. Nilikipokea kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka, na watu wakapiga makofi.

Jioni ile nilitembea hadi mwisho wa shamba nikakaa pale mpaka jua likazama. Wazo la kwanza lilikuwa kwenda kwake faraghani, kumwomba radhi na kumwachia kibuyu mlangoni. Lilikuwa wazo jema, lakini nililichunguza nikaona kwamba bado lilikuwa limenihurumia mimi. Jina alilipewa kisimani mbele ya watu. Kuliondoa mlangoni kwake, sisi wawili tu, kungemwacha nalo vilevile. Asubuhi wale waliotoka Singida mjini, Manyoni na Dodoma wangeanza kuondoka, na ukoo ule usingekusanyika tena wote mahali pamoja mpaka msiba mwingine, ambao huenda ungekuwa wa Mama Rajabu mwenyewe. Niliamua kusema kabla ya uji kwisha.

Asubuhi mizigo ilikuwa imepangwa nje, watu wakiwa wameshika vikombe, wengine wakiwa wamesimama tayari kwa safari. Mama Rajabu alikuja kuwaaga, ameegemea fimbo. Nilimsubiri aketi. Nilimwamkia, akaitikia, nikabaki nimesimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji, mpaka mazungumzo yakafifia.

"Mama Rajabu," nilisema, "kile kibuyu cha shangazi kilichopasuka hukukiharibu wewe. Nilikiosha mimi."

"Msomi, acha utani," Neema alisema.

"Si utani. Shangazi alikuwa kwaya. Nilikiosha, nikakianika, nikanyamaza."

Hakuna aliyecheka. Mama Rajabu alinitazama kwa macho yaliyoanza kuingia ukungu, taratibu, kama anayesoma maandishi madogo.

"Kwa sabuni gani?" aliuliza.

"Ya unga. Nilikuja nayo kutoka Dar es Salaam."

"Na maji?"

"Ya moto."

"Ya moto." Alitikisa kichwa. "Na nini tena?"

"Kokoto."

"Kokoto!" Aligeuka kuwatazama wanawake waliokuwa nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. "Yaa Rabi. Kokoto."

Nilipiga magoti nikaanza kuomba radhi, lakini alinigusa bega kwa ncha ya fimbo.

"Subiri kwanza. Simama." Alielekeza fimbo kwenye benchi la wazee, ambapo mzee mmoja, shemeji wa marehemu, alikuwa akimwuliza jirani yake kuna nini. "Yule pale hasikii vizuri, na ana mdomo mrefu kuliko wote hapa. Sema tena."

Nikasimama, nikamgeukia mzee yule, nikasema tena, kwa sauti.